Laki mbili zangu na njia ya kando ya mto

Wengi mmekuwa mkiniuliza inboksi ile biashara ya asali kwa baiskeli kila Jumamosi niliianzaje. Nimekuwa nikijibu kwa kifupi kifupi, ila leo nimekaa na chai yangu nieleze yote, pamoja na ile sehemu ambayo huwa naificha: laki mbili zangu zilizopotea.

Mimi niko Mpanda mjini. Nauza asali, na msimu ukiwa mzuri nauza na mchele. Asali naichukua upande wa Inyonga, Mlele huko, kwa wafugaji nyuki ambao nimewazoea. Kwa asiyeijua Katavi, sisi huku nyuki si jambo la mchezo. Hata Waziri Mkuu mstaafu, mzee Mizengo Pinda, ambaye ni mtu wa huku huku, anajulikana kwa kuhamasisha watu wafuge nyuki. Kwa hiyo asali ipo. Shida ni kwamba kila mtu anayo. Ukiposti "asali mbichi ya Katavi ipo", jirani yako naye kaposti, na shangazi yako naye kaposti. Mteja anabaki kuuliza bei tu, halafu kimya.

Mtaani kwetu kuna kijito kinachokatiza kati ya nyumba. Kiangazi ni mchanga na madimbwi mawili matatu. Masika yakikolea ni mto kamili, unanguruma. Pembeni yake kuna njia ya miguu ambayo hakuna aliyeichora, imechorwa na nyayo za watu wenyewe. Wanafunzi wanapita, kina mama wenye beseni za mboga wanapita, baiskeli zinapita, na Jumamosi alfajiri vijana wa jogingi wanapita na filimbi yao. Ukikaa pale saa moja utahesabu watu mpaka uchoke.

Sasa jicho la mfanyabiashara likiona watu linaona hela. Mimi na mwenzangu mmoja anayeuza nguo za mtumba tukasema hapa tuweke kibanda. Yeye nguo, mimi asali na soda. Pakatokea mtu aliyesema eneo lile ni lake la asili, anataka laki nne. Tukagawana, laki mbili kila mmoja. Mimi nilikuwa nimekopa kikoba laki nane, marejesho miezi minne na riba yake, jumla laki nane na themanini elfu. Laki mbili nikalipa eneo, laki sita zikabaki za mabati, mbao na mzigo. Karatasi tuliyoandikishana ilikuwa ya daftari, mashahidi wawili, muhuri hakuna. Ndiyo, najua. Endeleeni tu kusoma.

Kabla hatujaanza kujenga nikapata safari. Dada yangu ameolewa Nairobi, anaishi Ruaka, na alikuwa amejifungua. Ilikuwa Julai. Nikaenda na asali yangu lita tano za kumnyweshea mzazi: Tabora, Singida, Arusha, Namanga, mgongo wote unauma. Nairobi mwezi wa saba ina baridi ambayo sisi watu wa Mpanda hatujazaliwa nayo.

Siku ya nne shemeji akaniambia, "Shemeji, utakufa na baridi ndani ya nyumba, twende nikakutembeze Karura." Nikadhani ni soko. Kumbe ni msitu, katikati ya jiji! Hekta elfu moja na kitu, umezungukwa na majumba ya mabalozi na magorofa, na ndani yake mito inapita. Kuna njia za kutembea na za baiskeli kilomita nyingi, nyingine zinafuata mto kabisa mpaka kwenye maporomoko ya maji, na mapango ambayo wenyewe wanasema wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo.

Shemeji akanisimulia kwamba msitu ule ulikuwa uliwe. Miaka ya tisini wakubwa walikuwa wanagawiana viwanja mle ndani. Profesa Wangari Maathai akasimama na wenzake kuupinga. Januari 1999 alikwenda kupanda mti, akapigwa na watu waliokuwa wakilinda eneo lile mpaka akapasuliwa kichwa. Mwaka 2004 ndiye huyo aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata. Leo mle ndani wazazi wanatembeza watoto na wazee wanapiga mazoezi. Nilimsikiliza shemeji, lakini tusidanganyane, akili yangu ilikuwa inatafuta biashara iko wapi.

Nikaiona. Ila haikuwa nilipotegemea. Nilidhani kwenye umati kama ule nitakuta vibanda vimepangana kama stendi. Hakuna. Njia nzima ya kando ya mto hukuti mtu kapanga nyanya wala kafungua duka. Biashara iko mahali pachache palipopangwa. Pale getini kuna baiskeli za kukodisha, mtu anakuja mikono mitupu, analipa, anapewa baiskeli na kofia ngumu, anazunguka, anarudisha. Ndani kuna mgahawa. Basi.

Vitu vitatu nikavibeba kichwani bila hata kujua nitavifanyia nini. Cha kwanza, kila njia panda ndani ya msitu ina kibao chenye namba. Ukipotea unampigia mwenzako, "niko namba kumi na kitu", anakuja moja kwa moja. Cha pili, chupa za plastiki zile za kutumia mara moja haziruhusiwi. Kenya walizipiga marufuku kwenye hifadhi, fukwe na misitu tangu Juni 2020. Nilikuwa na chupa ya maji ya plastiki mkononi, ikabidi niiache. Cha tatu nitakisema mbele kwa sababu wakati ule sikukielewa.

Siku iliyofuata tulikwenda mjini. Karibu na mzunguko wa Globe kuna bustani ya John Michuki, njia ya kutembea pembeni ya Mto Nairobi wenyewe. Watu wazima wa jiji wanasema pale zamani palikuwa hapapitiki kwa uchafu. Bustani wameifufua mwaka 2020. Maji bado si ya kuchota, harufu unaisikia, lakini kuna nyasi na watu wamekaa. Nikiwa pale jirani wa dada yangu, mama mmoja muuza chakula, akanisimulia mafuriko ya 2024. Alikuwa na kibanda cha chapati na maharage kando ya mto, upande wa Mathare. Maji ya Aprili yakaja usiku. Mei serikali ikaamuru walioko ndani ya mita 30 za kingo za mito wahame, na mabuldoza yakapita. Nikamuuliza, "Na ulilipwa?" Akanitazama tu, akacheka, akaendelea kula mahindi yake.

Usiku ule sikulala vizuri. Laki mbili zangu ziko Mpanda, zimekaa hatua kumi na tano kutoka kwenye kijito.

Niliporudi nyumbani kitu cha kwanza nilikwenda kwa mtendaji wa mtaa. Ningeenda kabla ya kulipa ningekuwa nimeokoa hela, lakini sisi wafanyabiashara wadogo ofisi tunaziogopa kama hospitali, tunakwenda ugonjwa ukishafika mbali. Akanieleza vizuri kabisa, bila kunibeza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zile zinazoweza kuharibu ukingo, ndani ya mita 60 kutoka mtoni, ziwani, baharini au kwenye bwawa. Mita 60! Nikarudi kijitoni nikapima kwa hatua. Kibanda chetu kingekuwa ndani, nyumba ya jirani ndani, na hata mwembe tunaoupenda wote uko ndani. Yule "mwenye eneo" alikuwa ametuuzia kitu ambacho hata kama ni chake asingeweza kuturuhusu kukijengea.

Sasa mtaniambia, mbona watu wamejenga? Ndiyo, wamejenga. Na Dar walijenga bonde la Msimbazi. Ukienda Kariakoo kufuata mzigo ukapita Jangwani, angalia kulia na kushoto. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu pale, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Hata mradi mkubwa wa mabasi yaendayo haraka uliweka karakana yake pale Jangwani, na mwaka 2018 maji yaliingia mpaka kwenye mabasi. Sasa hivi kuna mradi wa kuendeleza bonde lile ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia fedha mwaka 2022: mto upanuliwe, lijengwe daraja jipya la Jangwani lenye urefu wa mita 390, na sehemu kubwa ya bonde igeuzwe bustani ya jiji, mahali pa watu kutembea badala ya kujenga. Yaani palepale palipokuwa na nyumba na maduka ndipo patakapokuwa na njia za miguu. Nikasema kama watu wa mabasi maji hayakuwaheshimu, mimi na mabati yangu kumi na mbili ni nani?

Na sisi wa Katavi mto tunaujua. Nenda Sitalike kiangazi uone viboko wa Mto Katuma wanavyosongamana kwenye tope, mmoja juu ya mwingine, kwa sababu maji yamepungua na huko juu yamekingwa mashambani. Rudi mwezi wa tatu, mahali hapo hapo utasimama mbali mwenyewe bila kuambiwa.

Nikajitoa. Mwenzangu hakujitoa. Alisema kiangazi ni miezi mingi kuliko mvua, akajenga cha mbao na mabati machache. Yule mtu wa eneo nilimwomba laki mbili zangu, akanijibu kwamba hela imeshafanya kazi. Mpaka leo inafanya kazi. Marejesho ya kikoba mwezi wa kwanza, laki mbili na ishirini elfu, niliyatoa kwenye zile laki sita zilizobaki. Kwa hiyo nikabaki na laki tatu na themanini, deni la miezi mitatu, na ndoo mbili za asali ndani. Hapo ndipo nilipoikumbuka baiskeli ya marehemu baba, Phoenix, imening'inizwa stoo.

Fundi baiskeli alinitengenezea kwa elfu 45: mpira mpya, breki, keria ya nyuma ikaimarishwa. Nikawaza, kama siwezi kukaa pale, nitapita pale. Jumamosi ya kwanza saa 12 asubuhi niko njiani na chupa kumi za kilo moja, zile za plastiki zilizotumika za maji, nimezifunga kwa mipira. Vijana wa jogingi wakapita, nikawasalimia, wakasalimu, wakapita. Wakarudi saa moja na nusu, jasho linawatoka, nikaita, "Asali mbichi jamani!" Mmoja akasimama, akauliza bei, akashika chupa, akairudisha. Sikuuza hata moja. Jumamosi ya pili hivyo hivyo. Narudi nyumbani mama ananiuliza, "Umeuza?" Nasema, "Wameangalia."

Jumamosi ya pili jioni ndipo nikakielewa kile cha tatu cha Karura. Kule wale watu wote waliokuwa njiani hawakuwa na mkoba. Mtu ana simu, ana funguo, basi. Mtu anayetembea kwa ajili ya afya yake hataki kubeba kitu. Ukimuuzia kilo ya asali pale unamwongezea mzigo wa kilomita tatu. Ndiyo maana pale getini walikuwa wanakodisha kitu ambacho mtu anakitumia pale pale na kukiacha pale pale. Mimi nilikuwa nauza kitu sahihi mahali sahihi kwa namna ambayo mteja hawezi kununua hata akitaka.

Nikabadilisha kila kitu, na hapa nisikilizeni vizuri kwa sababu ndiyo swali mnaloniuliza sana.

Njiani siuzi tena. Njiani naonjesha na naandikisha. Nabeba ndoo ndogo safi yenye mfuniko, vijiti vya kuonjea (kimoja mtu mmoja, kikitumika kinaingia kwenye mfuko wa taka, siwezi kuchafua njia inayonilisha), na daftari. Mtu akimaliza mazoezi anaonja, anaburudika, naandika jina na namba, anachotaka, na siku ya kuletewa. Hela analipa akipokea au kwa Lipa Namba. Mzigo unamfuata nyumbani Jumatano jioni au Jumamosi mchana, kwa baiskeli. Jumamosi ya kwanza ya mtindo huu niliuza chupa 3 tu kwa waliokuja na bodaboda zao, lakini niliandika namba 17. Mpaka Jumatano watu 11 walikuwa wameagiza. Nilikaa chini nikahesabu mara mbili.

Kuhusu namba za watu, jamani, kuna jambo. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mtu akikupa namba ya kuletewa asali hajakupa ruhusa ya kumwingiza kwenye grupu lako la WhatsApp lenye watu mia mbili na mapambo ya maua kila asubuhi. Mimi nauliza pale pale: "Nikutumie nikipata mzigo mpya, au nisikusumbue?" Nikiambiwa nisisumbue naweka alama. Hali kadhalika picha. Nilipiga picha nzuri sana ya dada mmoja wa jogingi akionja, jua linachomoza nyuma yake, nikatamani kuiposti. Nikamwonyesha kwanza. Akakataa, kazini kwake alikuwa ameaga kwamba anaumwa! Nikaifuta. Huyo dada sasa ananunua kila mwezi.

Vifungashio. Chupa za maji zilizotumika niliachana nazo kabisa. Nilichukua za kioo za gramu 250, nilizifuata Dar. Wengi wenu mtasema kioo ni gharama, haya twende kwenye hesabu. Ndoo ya lita 20 nainunua 160,000, na asali ni nzito, lita 20 zinatoa kama kilo 28. Kwa hiyo gramu 250 inanigharimu kama 1,430. Chupa na mfuniko mpaka kufika Mpanda ni 1,000. Lebo 150. Jumla 2,580. Nauza 4,500, inabaki 1,920. Kwenye ile ya kilo nilikuwa nauza 12,000 na watu wanapunguza mpaka 9,000, kwa sababu mtu akiona plastiki ya maji akili yake inamwambia hii ni ya kupunguziwa. Kwenye kioo mara chache mtu anaomba apunguziwe. Na akirudisha chupa tupu nampunguzia 500 kwenye inayofuata. Naichemsha vizuri, naikausha. Hiyo 500 ndiyo inayomrudisha mteja kwangu hata kama shangazi yake anauza asali.

Kuna alama ya ubora ya TBS pia. Kwa sisi wadogo njia ni kupitia SIDO, wao wanakupa barua ya utambulisho na ushauri wa namna ya kuandaa sehemu ya kufungashia. Mimi nimeshaanza, bado sijamaliza, kwa hiyo kwenye lebo yangu sijaweka alama yoyote. Usibandike alama usiyopewa.

Sasa usafiri, maana ndiko faida inakokwenda kufia. Bodaboda hapa mjini kwa safari fupi ni 1,000. Nikituma chupa moja kwa bodaboda nabaki na 920. Nikipanda baiskeli yangu na chupa 24 kwa mzunguko mmoja, nabaki na yangu yote, nimetumia jasho tu. Na hapa ndipo njia ya kando ya kijito inaponisaidia kuliko hata siku ile ya kuonjesha. Inaunganisha mitaa minne bila kuingia barabara kubwa. Hakuna malori, hakuna vumbi la kulishwa, hakuna kilima cha kukushusha kwenye baiskeli, kwa sababu maji siku zote hupita pasipo na kilima. Nilipima: kwa barabara mzunguko wangu ulikuwa saa mbili kasoro, kwa njia ya mto ni saa moja na dakika kumi.

Tatizo likawa kuelekezana. Mitaa ilipewa anwani za makazi, vibao vipo, lakini njia ya miguu haina kibao. Mteja anakutumia lokesheni, ramani inakupeleka barabarani, unazunguka nusu saa. Nikakumbuka zile namba za Karura. Nikatengeneza za kwangu, saba tu. Namba 1 ni penye mwembe mkubwa, namba 2 daraja la magogo, namba 3 nyuma ya mashine ya kusaga, na kuendelea hivyo. Nimechora kwa mkono kwenye karatasi, nikaipiga picha, nikaiweka stetasi, nikaibandika kwenye kurasa yangu juu kabisa. Mteja anaandika tu, "Mbili za robo, Namba 3, saa 11 jioni." Nikifika napiga simu ikate, anatoka. Siku hizi nasikia mpaka watoto wanaambiana "tukutane namba tatu", na hawajui zilianzia wapi.

Yameharibika mengi pia. Desemba ya kwanza nilikaidi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, njia imeloa, mimi nina oda 15. Karibu na daraja la magogo tairi la mbele likazama kwenye tope, nikaenda upande, sanduku likaenda upande mwingine. Chupa 9 zikapasuka. Nyuki walinipa salamu kabla sijainuka. Elfu 23 na kitu za gharama zilibaki pale kwenye majani, na oda tisa nikawapigia watu mmoja mmoja kuwaomba radhi. Saba wakasubiri, wawili wakasema basi. Tangu hapo fundi seremala amenitengenezea sanduku lenye matundu 24, kila tundu nimetandika kipande cha godoro. Na mvua ikinyesha usiku, asubuhi naweka stetasi mapema: leo napita barabarani, nitachelewa. Mteja ukimwambia mapema hana neno. Kinachomkera ni wewe kumwambia "niko njiani" wakati bado unatafuta kandambili.

Kuanzia Novemba mpaka Aprili kuonjesha nako nahama. Wale wa jogingi wanahamia barabara ya lami, na mimi nasimama wanapomalizia. Hilo ndilo kibanda kisingeweza kulifanya.

Deni la kikoba nilimaliza mwezi mmoja nje ya muda, nikatozwa faini elfu 20, mwenyekiti akanisema mbele ya wenzangu na nikanyamaza kwa sababu alikuwa na haki. Sasa hivi wiki nzuri natoa chupa 50 mpaka 60, wiki mbaya 20. Si utajiri. Ila ada za wadogo zangu wawili zinatoka humo, na sijakopa tena mwaka huu.

Vijana wa jogingi walichangishana kutengeneza lile daraja la magogo, maana wazee na wanafunzi walikuwa wanaanguka. Nilitoa elfu tano na chupa mbili za kuwaburudisha mafundi. Mnaopita njia za namna hii, huko Mwanza, Morogoro, Mbeya, popote palipo na mto unaokatiza mji, mkiona watu wanasafisha njia shirikini. Matangazo ya kulipia hayatakupa siku moja ambayo wateja wako wote wamesimama mahali pamoja na majembe, wanakujua kwa jina.

Na mwenzangu? Kibanda chake bado kipo. Kiangazi anauza vizuri kuliko mimi, nisiwafiche, kuna wiki ananipita mara mbili. Mtumba mtu anauvaa akaondoka nao, haumlemei. Kila ikifika Oktoba anaanza kutazama mawingu upande wa Ziwa Tanganyika na kuniuliza kama nimesikia utabiri. Mwaka jana aliniomba nimwekee asali pale auze kwa kamisheni, akataka chupa 60. Nikampa 6. Siku ya mvua ya kwanza kubwa, saa 4 usiku, alinipigia nikazichukue, na nilipofika na tochi nikamkuta ameshazipanga juu ya mwembe pamoja na mabunda yake mawili ya suruali.